Kabati la Pembeni

Watu wanaoiogopa sheria hawaachi kula, wanahamisha chungu tu. Kinachokatazwa sebuleni kinapelekwa uani, na kila mwenye njaa anaijua njia ya uani, ila ukimuuliza atakuapia kwamba nyumba hiyo haina uani kabisa.

Ndivyo walivyofanya mabwana wa ghala kuu. Walikuwa watu wema, sisemi vinginevyo. Walijitolea, kila mmoja kutoka kwake, kuunda toleo lao la Linux, mfumo wa kompyuta ambao mtu anauchukua bure na kuutumia shuleni, dukani, zahanati, popote. Ghalani mwao, huko mtandaoni, mlikuwa na kila kitu: programu za kuandika, za kuhesabu, za kuchapisha. Lakini programu za kufungua video na sauti, nyingi zilikuwa na wenyewe. Kuna makampuni yaliyojiandikisha kwamba ndiyo yaliyobuni namna ya kuibana picha hadi ikae padogo, na katika nchi nyingine ukimpa mtu programu ya namna hiyo bila ruhusa yao umejitafutia kesi. Mabwana wakaingiwa na baridi. Wakaamua vifurushi vya programu za aina hiyo visilale ghalani mwao hata kidogo. Basi mtu akiiwasha kompyuta yake mpya na kutaka kutazama video ya harusi ya dada yake, alikuta kioo cheusi na maneno ya adabu: kifurushi hiki hakimo kwa sababu za kisheria, tafadhali kitafute kwingine.

Kwingine wapi? Hawasemi. Kutaja mahali penyewe kulikuwa mwiko, maana wanasheria wao waliwaonya kwamba anayeonyesha njia ni sawa na anayegawa.

Kwingine kulikuwa kwa Mama Kabati.

Huyu mama alikuwa amefanya kazi ujana wake wote katika kituo cha televisheni, akikarabati mashine za kurekodi, na alipostaafu akaona hawezi kukaa tu akipiga miayo. Akaanzisha mahali pake mtandaoni, kabati dogo la pembeni, akaweka humo vifurushi vyote ambavyo ghala kuu liliviogopa. Sheria ya nchi aliyoishi haikuwa wazi juu ya jambo hilo. Wengine walisema inamkataza, wengine walisema haimhusu. Yeye alisema, "Siuzi, siibi. Mwenye macho atazame." Watu wakaanza kupita uani, wakaitana, wakawa maelfu, na jina lake halisi likasahauliwa hata na mumewe, fundi viatu, ambaye karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo.

Kabati lenyewe halikuwa na kitu cha kuibwa ila kimoja, nacho ni muhuri. Si muhuri wa mpira wa kugonga kwenye karatasi. Ulikuwa ni mfululizo mrefu wa herufi na namba za siri, uliohifadhiwa ndani ya flashi ndogo. Kila kifurushi kabla ya kutoka kilipigwa muhuri huo, na kompyuta za watu, huko kote zilikokuwa, zilifundishwa jambo moja tu: chenye muhuri wa Mama Kabati kiingie, kisicho nao kibaki nje. Kompyuta haiulizi zaidi ya hapo. Kwa hiyo aliyeuliza kwa niaba yao wote alikuwa yeye. Alikifungua kila kifurushi, akakisoma mstari kwa mstari na miwani yake mizito, akakijaribu kwenye mashine yake mwenyewe, ndipo akaenda karakana kuichukua flashi. Mumewe alikuwa amemfichia ndani ya kopo la rangi nyeusi ya viatu lililokwisha, katikati ya makopo mengine ambayo hayajaisha.

"Umekuja kumtoa mfungwa?" fundi alimuuliza kila mara, misumari ikiwa imebanwa midomoni.

"Nampeleka akapate hewa."

"Mrudishe mapema. Huyo akitoroka, tutafungwa sisi."

Walicheka. Walikuwa na miaka mingi ya kulicheka neno hilo.

Mama Kabati alikuwa na mdogo wake mmoja, mkunga, aliyefanya kazi katika zahanati ndogo mbali na mji mkuu. Zahanati haikuwa na daktari bingwa. Mama mjamzito akiwa na tatizo, walimwonyesha kwa daktari wa mjini kupitia kioo kikubwa chenye kamera kilichowekwa pembeni ya kitanda: daktari anaona huko aliko, anasema, mkunga anafanya. Mashine hiyo aliitengeneza Mama Kabati kwa mikono yake, akaweka na nyingine ndogo mezani karibu na dirisha, ya kuandikia majina ya wagonjwa. Zote mbili zilivaa mfumo ule wa bure, na zote mbili zilichota vifurushi vya video kutoka kabatini kwake. Bila hivyo daktari asingeonekana wala kusikika.

Na sasa bintiye mkunga, ambaye Mama Kabati alimlea nusu ya utoto wake na ambaye mpaka leo alimwita Mama Mkubwa, alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, na presha ilikuwa ikimpanda. Kila wiki alilala kwenye kitanda hicho, akatazamwa kwenye kioo hicho.

*

Jirani aliingia bila kubisha hodi kwa kishindo, kama wanavyoingia watu wenye adabu. Hilo ndilo jina alilojipa mtandaoni: Jirani. Siku moja alimwandikia Mama Kabati kwamba kifurushi fulani kina kosa dogo, na si hivyo tu, akaambatanisha na marekebisho. Mama Kabati akayasoma. Yalikuwa safi. Akashukuru.

"Hakuna shida, mama," Jirani akajibu. "Nipo. Nisaidie wapi tena?"

Ukitaka kumjua mtu aliyechoka, mpe msaada uone anavyoupokea. Mama Kabati aliupokea kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, mgongo ulikuwa unauma, na watu wa uani hawakuwa na shukrani. Kifurushi kikichelewa walimtukana. Kikitoka na kasoro walimtukana zaidi. Jirani hakutukana. Alirekebisha, akaandika maelezo, akawajibu wenye matusi kwa upole mpaka wakaona aibu wenyewe. Miezi ikapita hivyo. Kila asubuhi Mama Kabati alipofungua kompyuta alikuta kazi ya jana imekwisha, na chini yake maneno yale yale: Nipo, mama. Nisaidie wapi?

"Umemwona uso?" fundi aliuliza siku moja, akishona soli.

"Mtandaoni watu hawaonyeshani nyuso. Ni kazi tu."

"Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako kaja na jembe lake siku ya kwanza. Mimi mgeni wa namna hiyo ningemuuliza anataka kulima shamba la nani."

"Wewe una wivu. Hujawahi kupata msaidizi asiyekunywa."

"Hilo kweli," fundi akasema, akarudi kwenye soli yake. Lakini hakucheka sana.

Kisha simu zikaanza. Aliyepiga alijitambulisha kuwa ni wakili, na sauti yake ilikuwa laini, ya mtu asiyekuwa na haraka. Alimwamkia vizuri. Akaulizia afya. Halafu akamweleza kwamba anawakilisha wenye haki za ule ubunifu wa kubana picha, kwamba wateja wake wanalijua kabati, wanaijua nyumba, wanaijua karakana ya mbele, na kwamba mali zilizomo ndani ya nyumba inayotumika kuvunja sheria zinaweza kushikiliwa. "Hata cherehani ya mzee," alisema kwa masikitiko. "Mimi mwenyewe sipendi ifike huko, mama yangu."

Hakumtishia. Ndiyo maana Mama Kabati aliogopa. Mtu anayefoka unajua ana nguvu kiasi gani, maana amekwisha kuzimwaga. Huyu alizungumza kama mtu ambaye mambo yote yamekwisha kupangwa, na amebaki kumpa taarifa.

Akapiga tena wiki iliyofuata. Akapiga tena. Siku nyingine alipiga na kumuuliza tu kama amefikiria. Mama Kabati akaanza kushtuka simu inapolia. Akaanza kuchungulia dirishani gari likisimama mtaani. Akawaandikia mabwana wa ghala kuu kwa siri, akawaeleza: mimi ndiye ninayebeba kile mlichokikataa, sasa nimeandamwa, nisaidieni hata kwa ushauri. Wakamjibu kwa mistari michache kwamba, kufuatana na maelekezo ya wanasheria wao, hawawezi kuthibitisha wala kukanusha kwamba kabati hilo lipo.

"Miaka yote wanakula uani kwangu," alimwambia mumewe, na safari hii machozi yalimtoka, "leo hawanijui."

Aliyemjua alikuwa Jirani. Jirani alimwandikia kila siku. Pole, mama. Hawa watu wanatafuta mtu mmoja wa kumfanyia mfano, maana umati hauwezi kushtakiwa. Ungekuwa katika nchi kama hii yangu wasingekugusa, sheria yetu inaruhusu. Kama ukitaka kupumzika, mimi naweza kulishika kabati kwa muda. Nitatengeneza muhuri wangu mpya, watu wauzoee taratibu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo alipoteleza, na lilikuwa ni kosa ambalo angelifanya mtu wa kazi hiyo tu, tena aliye mwema. Muhuri mpya ni usumbufu. Kompyuta ikikutana na muhuri isioujua inasimama, inaandika maneno mekundu ya kutisha, inakataa kusasisha mpaka mwenyewe athibitishe. Mtu wa mjini atabofya apite. Lakini mdogo wake mkunga, na wakunga wa zahanati nyingine zilizoiga ile yake, wangeyaona maneno mekundu na kuzima mashine kwa hofu. Daktari angepotea kiooni. Mama Kabati alilifikiria hilo siku nzima, akamfikiria na yule binti kitandani. Jioni, kabla taa za mtaani hazijawaka, akaenda karakana.

"Nipe mfungwa," alisema.

Fundi akatoa misumari midomoni, akaiweka chini. Akalichukua kopo, asilifungue. "Anakwenda kupata hewa?"

"Anahama. Jirani atakaa na muhuri huu huu. Watu wasisumbuke."

"Aliuomba?"

"Hakuuomba. Alisema atatengeneza wake. Mimi ndiye ninayempa."

Na kweli hakuuomba. Ndiyo sababu alipewa. Mama Kabati aliutuma muhuri, akatuma na funguo zote za kabati, akakaa mbele ya kompyuta mikono ikiwa mapajani. Jibu lilikuja baada ya muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Ahsante kwa kuniamini, mama. Sasa pumzika.

*

Alipumzika, sitamnyima hilo, alilala usingizi mzuri siku kadhaa. Alikwenda sokoni. Alimsaidia mumewe kupanga viatu vilivyotelekezwa na wenyewe. Simu haikulia.

Ilipolia ilikuwa asubuhi, chai ikiwa bado mezani. Ni wakili.

"Nimepiga kukushukuru tu, mama yangu. Wateja wangu wamefurahi kusikia umejitoa. Kwa upande wetu shauri limekwisha."

"Nashukuru," alisema Mama Kabati, na alishukuru kweli.

"Mwenye busara ni yule anayejua kuacha. Na ile kazi yako ya zahanati, ile ya kuisafisha sauti ya daktari mtandao ukiwa dhaifu, usiwe na wasiwasi nayo. Imeshakuwa tayari. Siku njema."

Simu ikakatika. Mama Kabati akabaki ameishika sikioni.

Kazi ile ya kusafisha sauti haikuwa imetoka. Haikuwemo kabatini, haikuwa imetangazwa, mdogo wake mwenyewe hakuwa na habari, kwa sababu Mama Kabati alitaka iwe zawadi ya siku binti atakapojifungua. Alikuwa ameianza peke yake na kumwonyesha mtu mmoja tu duniani, amsaidie kuimalizia. Mtu huyo hakuwa wakili.

Alikaa chini pale pale sakafuni. Akaziona zile simu zote upya, moja baada ya nyingine, na baada ya kila simu ile pole iliyokuja siku ile ile, laini kama yenyewe. Wakili aliyekuwa akimsukuma na Jirani aliyekuwa amemfungulia mlango walikuwa na pumzi moja. Wenye haki, kesi, cherehani ya mzee kushikiliwa, vyote vilikuwa kelele za kumtimua ndege kwenye kiota. Na sheria haikuwa imemtafuta hata siku moja.

"Mzee," aliita. Sauti ilitoka ndogo. "Mzee, njoo. Nimempa mwizi ufunguo, tena nimemfungia na zawadi."

Fundi alikuja na aproni yake, akasikiliza yote akiwa amesimama. Hakusema nilikuambia. Mtu aliyeishi na mkewe miaka mingi anajua neno hilo halijawahi kumsaidia yeyote. Aliuliza tu, "Unaweza kuufuta huo muhuri?"

Kuufuta kulikuwa na njia yake. Unatoa tangazo kwamba muhuri umekufa, kompyuta zikilisoma zinaacha kuuamini. Lakini tangazo hilo kompyuta zinalichota kabatini, na kabati sasa lilikuwa na mwenye nyumba mwingine. Mama Kabati alijaribu kuingia akakuta mlango umebadilishwa kitasa. Akawaandikia mabwana wa ghala kuu, safari hii bila adabu: waambieni watu wote wasichukue chochote kutoka kwangu, muhuri umeibwa. Wao ndio waliokuwa na kipaza sauti, wangesema neno moja na kila kompyuta ingesikia. Jibu lilikuja haraka ajabu. Tunasikitika. Kutoa tahadhari kuhusu kabati hilo ni kukiri kwamba tunajua watumiaji wetu wanalitumia. Wanasheria wetu wanalitazama jambo hili.

"Walitazame," alisema Mama Kabati, "mpaka litoe mizizi."

Ndipo akakiona. Kwenye ukurasa wa kabati lake, juu kabisa, kilikuwa kimewekwa kifurushi kipya asubuhi hiyo. Sauti safi kwa zahanati, kiliitwa. Maelezo yake yalikuwa yameandikwa vizuri, kwa upole. Pembeni yake neno la kijani: Muhuri ni sahihi.

Akampigia mdogo wake. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Dada, siwezi kuongea sana," mkunga alisema, akihema. "Mwanao yuko kitandani. Uchungu umemjia kabla ya siku zake, na gari la wagonjwa bado liko njiani. Mtoto ametanguliza makalio. Daktari yuko kwenye kioo, ananiongoza."

Nyuma ya sauti yake Mama Kabati alimsikia binti akilia, kilio kile cha chini cha mtu anayejizuia. Akamsikia na daktari, sauti wazi mno, kama aliyesimama chumbani.

"Mmesasisha mashine?"

"Leo asubuhi. Dada, sauti imekuwa nzuri, mpaka wenzangu wanakuombea dua. Ilituuliza tuingize kifurushi kipya, nikatazama, nikaona muhuri ni wako, nikabofya ndiyo. Kwani vipi?"

Mumewe akamshika bega.

"Si wangu," alisema Mama Kabati. "Muhuri ni wangu, kifurushi si changu. Nilimpa mtu. Nimedanganywa, mdogo wangu."

"Kina nini ndani?"

Maisha yake yote ya kabati hakuwahi kuulizwa swali hilo akakosa jibu. Alijua kila kifurushi kama mama anavyojua watoto wake, nani ana kikohozi, nani ana ubishi. "Sijui," alisema.

"Hujui."

"Huenda kinatazama tu. Huenda kinasubiri kitu. Huenda kikamzima daktari mkiwa katikati, au kikamfanya aseme asichosema. Sijui."

Huko zahanati daktari alikuwa akisema jambo, na mkunga akajibu ndiyo daktari, kwa sauti ya kazini, halafu akarudi kwenye simu, na sauti ya kazini ikawa imekwisha. "Dada, mimi hapa nina mikono tu. Daktari anaona presha yake kwenye kioo, anaona mtoto anavyogeuka. Nikichomoa, anabaki kipofu, na mimi pamoja naye. Mwanao huyu. Wewe ndiye uliyeniambia nikiuona muhuri wako nisiogope. Sasa niambie. Nichomoe?"

Fundi aliangalia pembeni. Kuna maswali ambayo hata mume hawezi kusaidia kuyabeba.

Mama Kabati aliikumbuka ile sauti laini ikisema imeshakuwa tayari. Mtu aliyengoja miezi mingi kwa subira vile hakungoja ili watu wasikie vizuri. "Umewahi kuzalisha wa makalio kabla ya kioo hiki?" aliuliza.

"Zamani. Wawili," mkunga alisema. "Mmoja aliishi."

"Chomoa," alisema Mama Kabati. "Waya wa umeme. Mwambie mwenzako ampigie daktari kwa simu ya kawaida, aongoze kwa kusikia. Chomoa sasa hivi, mdogo wangu."

Akasikia hatua, kitu kikiburutwa, halafu sauti ya daktari ikakatwa katikati ya neno. Binti akauliza, kwa mbali, "Mama, daktari amekwenda wapi?" Mkunga akamjibu kwamba yupo, yupo, wewe nitazame mimi. Simu iliwekwa mahali, haikuzimwa. Kuanzia hapo Mama Kabati alisikiliza tu, amesimama mbele ya kompyuta yake katika chumba cha nyuma, mkono mmoja umemkaba mumewe kifundo cha mkono. Alisikia maji. Alisikia vyuma. Alimsikia mdogo wake akisema usisukume, bado, usisukume, halafu, sukuma mama, sukuma, na daktari kwenye simu nyingine akiuliza mabega yametoka, mabega yametoka, kama mtu anayeuliza njia gizani. Kisha hakusikia chochote, muda ambao sitaki kuueleza. Alianza kusema kwa midomo, Mungu wangu usinilipe mimi kwa huyu.

Mtoto akalia.

Alilia kwa hasira, kilio kikavu cha mtu aliyeonewa, na chumba kizima huko kikapumua. Fundi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kufunika uso kwa aproni.

Mkunga akarudi kwenye simu, analia na kucheka. "Amefika, dada. Na mama yake mzima. Umepata mjukuu, ni wa..."

"Wa kike," binti akasema kwa nyuma, sauti imechoka, ina tabasamu. "Mama, mwambie Mama Mkubwa ni wa kike. Nampa jina lake."

Mbele ya Mama Kabati, kwenye kompyuta, ujumbe uliingia, mahali pale pale zilipokuwa zikiingia pole za kila asubuhi.

Hongera, mama. Wa kike, tena wajina wako. Usijilaumu kwa kuchomoa, ulifanya ambacho angefanya kila mama.

Aliusoma mara ya pili. Miwani ilikuwa imepata ukungu, akaifuta kwa kanga, akausoma tena.

"Dada? Unanisikia?"

"Ile mashine nyingine," alisema Mama Kabati polepole. "Ile ndogo, ya kuandikia majina. Mliisasisha na hiyo?"

"Zote mbili. Si ulisema tuzisasishe pamoja?" Mkunga akasikika akigeuka. "Ipo hapa mezani. Lakini dada, hakuna aliyeigusa. Kwa nini kitaa chake cha kamera kinawaka?"

Ujumbe mwingine ukaingia.

Nipo, mama. Nisaidie wapi tena?